Chapati Nilizoambiwa Nisibakishe

Mwezi uliopita nilikwenda Kawangware kumsaidia binamu yangu Mutheu kutoa vitu vya mama yake kibandani. Mama yake, Auntie Mumbua, alikuwa mdogo wake mama yangu, na alipika na kuuza chapati pale kando ya barabara tangu sisi tukiwa watoto. Sasa tulikuwa tumemzika Kitui, na kibanda kilikuwa na mtu mwingine anayekingoja. Mutheu aliwasha jiko akaweka pani ya mama yake juu ya moto, mafuta ya zamani yaungue kabla ya kuisugua. Pani ilipopata moto ikatoa harufu. Mutheu alijifunika uso kwa leso akalia. Mimi nilitoka nje haraka nikashika ukuta, jasho linanitiririka shingoni. Sikuwa nimekula chochote. Ilikuwa harufu tu.

Watu wa rika langu wakianza kusimulia utoto wao hawamalizi kabla ya kufika kwenye chapati. Kila mtu ana ile ya Krismasi, mama akikanda unga tangu asubuhi, mtoto akitumwa kwa jirani kuazima kifimbo cha kusukumia, ploti nzima ikinukia. Wanasimulia mate yakiwajaa mdomoni. Mimi hunyamaza. Nikisema kwamba kuna wakati nililishwa chapati kila siku, za moto, zenye mafuta, nyingi kuliko za mtoto yeyote niliyemjua, na kwamba huo ndio wakati nilioogopa kuliko mwingine wowote maishani, nitaonekana naringa.

Siku hizi mimi ni mwanamke mzima asiyekula ngano. Si chapati tu: mkate, mandazi, tambi, soseji ambazo hujui zimechanganywa na nini, mchuzi uliotiwa unga kidogo ili uwe mzito, chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyokaanga sambusa. Harusini nakwenda na kikopo changu cha chakula mkobani kama mtoto wa nasari. Watu huniuliza kama niko kwa diet, na wengine huniambia kwamba huo ni ugonjwa wa wazungu. Zamani nilikuwa naeleza. Sasa nasema tumbo langu halitaki, basi, na anayetaka kukasirika akasirike. Lakini siku ile nikiwa nimeshika ukuta pale Kawangware niliona kwamba kuna jambo moja sijawahi kulieleza vizuri kwa mtu yeyote, nalo ni jinsi nilivyopimwa.

Tulikuwa tunaishi Mashimoni, Kibera, mama na mimi, katika chumba kimoja cha mabati. Baba alikuwa Mombasa katika kazi isiyokuwa na likizo, ndivyo tulivyoambiwa. Mama aliuza muthokoi, yale mahindi ya Kikamba yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na kila asubuhi sufuria lake lilikuwa mlangoni likitoa mvuke kabla watu hawajaenda kazini. Nilikuwa darasa la nne lakini ukiniona ungesema ni la pili. Tumbo lilikuwa limetangulia mbele, miguu imebaki vijiti, na nywele zilikuwa nyepesi kiasi kwamba mama aliacha kunisuka. Nilihara mpaka nikawa naogopa kuwa mbali na choo, na ukijua vyoo vya ploti yetu utaelewa hiyo ilikuwa adhabu ya namna gani.

Nilinyweshwa dawa ya minyoo. Nilinyweshwa dawa ya amiba. Nilitibiwa taifodi mara nyingi, maana Nairobi usipojua mtoto ana nini unasema ni taifodi. Nilipimwa damu kwa ugonjwa ule ambao majirani hawakuutaja kwa jina, wakaambiwa sina, na wakaendelea kuamini kwamba ninao. Mama alisikia yote hayo akipakua muthokoi. Alikuwa mtu wa kunyamaza, lakini jioni ungemwona anasugua sufuria kwa hasira kama lilimtukana.

Ni yeye aliyegundua. Likizo ya Agosti alinipeleka Kitui kwa susu, yaani nyanya yangu, na kule nilikula muthokoi, pojo na ugali wa mtama kwa sababu hakukuwa na kingine. Tumbo lilirudi mahali pake. Nilikimbiza mbuzi. Tuliporudi Mashimoni, chai na mkate asubuhi, mandazi ya shule saa nne, nikaugua tena. Mama aliunganisha mambo. Akakata mkate na mandazi, nikapata nafuu. Siku nilipokula keki ya mtoto wa jirani nikaharibika. Ndipo aliponifunga leso kichwani tukaenda hospitali kubwa kuonana na daktari wa watoto.

Daktari alikuwa mama kijana mwenye miwani, na alizungumza Kiswahili cha kitabu. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, jambo ambalo hatukuwa tumelizoea. Kisha akaniomba nikakae kwenye benchi nje. Mlango ulikuwa na kidirisha. Niliona daktari anaongea huku ameshika mkono wa mama, na mama anatikisa kichwa kukataa, halafu analia. Mama hakuwa mtu wa kulia mbele ya wageni. Alipotoka hakunitazama.

Nilikuja kuelewa miaka baadaye walichokuwa wanaongea. Daktari alikuwa ameshuku ugonjwa unaoitwa seliaki, ambao mtu akila ngano, mwili wake unaushambulia utumbo wake wenyewe. Lakini vipimo vyake vinataka ngano iwe mwilini. Mtu aliyeacha kula ngano, damu yake inaweza kudanganya ikasema hana kitu. Kwa hiyo mama aliyekuwa ameshaniokoa kwa macho yake mwenyewe aliambiwa arudi nyumbani anilishe ngano tena, kila siku, wiki baada ya wiki, mpaka siku ya kipimo. Na asiruke siku. Hicho ndicho kilichomliza. Aliamua asiniambie, akihofia kwamba nikijua chapati ndiyo inayoniumiza nitaikataa.

Mimi niliambiwa hivi tu, nikiwa nimekaa kitandani naye anakunja nguo zangu kwenye mfuko: "Utaenda kwa auntie yako Kawangware. Chenye utapewa, kula. Kula yote, usibakishe ata kidogo. Ukibakisha, hii kazi yote itaharibika."

"Nitarudi lini?"

"Kula tu, Mwende," akasema. "Mimi siwezi kukulisha. Mikono yangu itakataa."

Ili muelewe nilivyolisikia hilo, lazima niwaambie habari za fundi Wambua. Alikuwa jirani yetu, mlango wa tatu, mshonaji wa nguo. Alikohoa muda mrefu. Kwanza mke wake alimtengea kikombe chake na sahani yake, na sisi watoto tulikatazwa kuvigusa. Halafu, siku isiyokuwa Krismasi wala Pasaka, chapati zilianza kupikwa kwake, chapati na kuku, na soda juu. Nilimuuliza mama kuna sherehe gani. Wanawake waliokuwa kwenye bomba la maji wakajibu badala yake kwamba hospitali wamesema hakuna dawa tena, kwa hivyo apewe anachotaka. Chapati za fundi hazikudumu. Wiki chache tu, tukaamka na kukuta viti vya kanisa vimepangwa nje ya mlango wake.

Kwa hiyo nilijua chapati za siku za kawaida zina maana gani. Nilipofika Kawangware, Auntie Mumbua akanipokea mfuko na kuniwekea mbele sahani yenye chapati mbili na ndengu, siku ya Jumanne, sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nilikuwa nimetolewa nyumbani ili nisifie mbele ya mama.

Auntie alikuwa kinyume cha mama. Aliongea tangu anapoamka. Alikuwa mnene, mchangamfu, anajua kila mteja anataka chapo ya aina gani, laini au iliyokauka, na wateja walimpenda kwa matusi yake madogo. Lakini kila aliponiwekea sahani alinyamaza. Aligeuka upande wa jiko akajifanya anasukuma. Niliona. Watoto wagonjwa wanaona mambo mengi kwa sababu hawana nguvu ya kufanya kingine.

Nilianza kula. Chapati zenyewe zilikuwa tamu, nisiseme uongo. Siku za kwanza nilizila kwa ulafi na woga pamoja, na nilishangaa kwamba mtu anaweza kuogopa na bado akalamba vidole. Kisha tumbo likaanza. Lilijaa kama mtu amepuliza ndani. Usiku nilijikunja, asubuhi nilihara, na saa nne sahani ilikuwa mbele yangu tena. Nikawa natafuna kipande kimoja mpaka kinakuwa uji mdomoni ndipo nakimeza na maji. Auntie alisimama na mwiko wake, amenipa mgongo, haendi, mpaka sahani iwe nyeupe.

Mutheu alinionea wivu. Tulikuwa wa umri mmoja, naye alipewa chapati moja Jumapili kwa sababu zingine zilikuwa za kuuzwa.

"Wee unakula kama mgeni wa harusi," aliniambia siku moja, tumekaa nyuma ya kibanda. "Si unikatie ata nusu? Matha wangu hayuko, ameenda kununua unga."

Nilitazama ile chapati. Nilikuwa nimebakiza zaidi ya nusu. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka. Ningempa, ningepumzika siku hiyo, na hakuna ambaye angejua.

"Siwezi," nikamwambia. "Niliambiwa nisibakishe."

"Kwani ukibakisha itakuwaje?"

Nilijua tu kwamba kuna kazi ambayo mama alikuwa anaifanya, kubwa na ya kuumiza, na sehemu yangu ilikuwa kumeza. Labda, nilifikiri, mtu akifa vizuri, ameshiba, mama yake haumii sana. Nikamgeuzia Mutheu mgongo nikamaliza. Hakuniongelesha mpaka jioni.

Kadiri siku zilivyokwenda nilidhoofika. Nilianza kutapika. Siku moja nilijaribu kusimama kwenda msalani, miguu ikakataa, nikaketi chini karibu na magunia ya makaa. Auntie aliacha mteja na chapati mkononi akanibeba ndani. Kisha akampigia mama simu, na kwa sababu chumba na kibanda viligawanywa na pazia tu, nilisikia upande wake wote.

"Mimi nimeshindwa," alisema. "Huyu mtoto nitamuua na hizi mikono zangu. Wacha tuache." Akasikiliza. "Najua. Najua tukiacha tunaanza tena upya. Najua, Kalondu, usiniambie vile daktari alisema, si wewe unamwangalia akitapika." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu. "Basi nenda uulize. Nenda saa hii. Mimi leo simpatii kitu mpaka uniambie."

Mama aliacha sufuria lake likiwa na muthokoi wa kuuza, akaenda hospitali kumtafuta yule daktari. Mchana ule nilikuwa nimelala nimetazama mabati. Auntie hakupika. Wateja walikuja wakaambiwa hakuna, wakaenda wakishangaa. Hali ile ya jiko kuzimwa mchana ilinitisha kuliko kutapika. Nilidhani ameacha kupika kwa sababu siku yangu imefika. Nikamwita Mutheu nikampa kamba yangu ya kuruka na vile vibanio viwili vyekundu nilivyopewa na susu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nywele zangu hazishiki."

Alivipokea taratibu, wala hakuvivaa.

Jibu la mama lilifika kabla ya jua kuzama. Daktari amesema nipunguziwe mpaka kidogo kabisa, hata chapati moja ndogo itatosha, lakini nisiache, na nikitapika tena nipelekwe mara moja; siku ya kipimo imekaribia. Auntie aliweka simu chini. Akaja akachuchumaa karibu na godoro. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuniuliza.

"Kanini," akaniita, jina la udogo la Kikamba. "Imebaki kidogo tu. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Ukisema hapana, tunaacha. Hakuna mtu atakukasirikia."

"Nitaweza, Auntie."

Alinitazama kwa namna ambayo nilidhani ni ya kuniaga. Alikwenda akawasha jiko, akakata donge dogo, akasukuma chapati ndogo ya ukubwa wa kiganja. Kuanzia siku ile alinipikia ya ukubwa huo, akaikata vipande, na akakaa nami mpaka mwisho badala ya kugeuka. Wakati mwingine alinisimulia uwongo kuhusu wateja wake ili nicheke. Sikucheka sana, lakini nilishukuru kwamba hayuko tena upande wa jiko.

Siku ya kipimo mama alikuja kutuchukua. Alinikumbatia, na nikahisi mikono yake inapita juu ya mbavu zangu kama anahesabu. Hospitalini walinitoa damu. Kisha wakaniambia kwamba watanichoma sindano ya kunilaza, halafu watapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni mpaka tumboni waone ndani. Nesi alisema sitahisi chochote. Nilimwelewa hivi: nitalala, na sitahisi chochote. Nilimtazama mama. Nilitaka kumwambia kwamba nilikula zote, hata ile ya siku ya Mutheu, hata zilizokuwa zimepoa. Lakini ulimi ulikuwa mzito, na taa ya juu ikaanza kuyeyuka, nikalala.

Niliamka. Koo liliuma. Auntie alikuwa anabishana na mtu kuhusu chai. Kwa kweli nilishangaa, na nisiwafiche, nilisikia kama nimedanganywa.

Majibu yalipotoka tulirudi wote watatu kwa daktari. Mara hii sikutolewa nje. Alichora kwenye karatasi utumbo wenye vidole vidogo vidogo, akaonyesha jinsi vyangu vilivyolala chini. Akasema ni seliaki, bila shaka yoyote sasa. Mama akauliza dawa.

"Ugonjwa huu hauna dawa," akasema daktari. "Hakuna kidonge wala sindano. Ni chakula tu. Asile ngano, shayiri wala nafaka iitwayo rai, hata punje, maisha yake yote."

Mama na auntie walianza kuuliza maswali wakipokezana, je uji, je mchuzi, je ekaristi kanisani, na daktari akajibu moja moja. Mimi sikusikia. Nilibaki kwenye sentensi ya kwanza. Hakuna dawa. Hivyo ndivyo walivyosema juu ya fundi Wambua.

Na tuliporudi Mashimoni mambo yalizidi kufanana. Mama alininunulia sahani yangu, ya bati ya bluu, na kikombe changu, na sufuria dogo na mwiko wake mpya, akavitundika peke yake ukutani. Watoto wa jirani walikatazwa kuvigusa. "Hii ni ya Mwende," aliwaambia, "msiichanganye na zenu." Alisema kwa ukali. Nililala nikivitazama vile vyombo ukutani na nikijua kabisa vimewekwa kwa ajili ya nini. Sikumuuliza. Alionekana amechoka, nami sikutaka kumlazimisha aseme.

Chakula chenyewe kilikuwa kizuri. Asubuhi nduma au viazi vitamu, au muthokoi wa jana uliopashwa. Shuleni nilibeba ndizi za kuchemsha, na mwalimu aliambiwa nisipewe mandazi. Ekaristi niliacha, nikawa napokea baraka tu, mikono nimeikunja kifuani, na wanawake wakanong'ona kwamba mtoto ana dhambi gani umri huu. Nilianza kupata nguvu. Halafu, bila kula chochote kibaya, tumbo likafura tena.

Mama alichanganyikiwa. Alipekua kila kitu. Alininusa mdomo kama polisi. "Umekula nini? Niambie tu, sitakupiga." Nililia kwa kuwa sikuwa nimekula kitu, na kwa kuwa nilidhani basi, sasa ni mwisho wenyewe, hata bila chapati umekuja.

Alilipata jibu kwenye kisiagi. Sote tulisagisha mahindi kwa jirani mwenye mashine, na mama alikuwa akiacha debe lake kwenye foleni na kurudi kuuza. Safari hii alikaa. Akaona mwanamke aliye mbele yake anamimina mchanganyiko wa uji wa watoto, wimbi, mtama, soya na ngano. Mashine ikasaga, ikamaliza, na bila kusimama mwenye mashine akamimina mahindi yetu. Unga wa kwanza ulioingia kwenye debe letu ulikuwa na rangi ya uji. Kila mtu Mashimoni anajua kwamba unga wako unaanza na mabaki ya aliyekutangulia. Huwa tunataniana tu kwamba umekula wimbi ya bure. Mama alibeba lile debe akampa mwenye mashine lote. Tangu siku hiyo alikuwa anatembea mpaka Silanga, karibu na mashamba ya kando ya bwawa, kwa mzee aliyesaga mahindi matupu. Alienda na debe kichwani juani, akarudi nalo, na hakuna siku aliyosema ni mbali.

Tumbo likashuka. Nikala, nikalala, nikaamka. Krismasi ilipita, ploti nzima ikinukia chapati, sisi tukala wali na kuku mlango umefungwa. Nikawa nangoja. Ni jambo la ajabu kungoja kufa huku unanenepa. Nilihisi miguu imejaa, nywele zilianza kusokoteka, nilipanda ngazi za magorofa ya Soweto East kumpelekea mteja wa mama chakula bila kupumzika. Na bado kila usiku nilijiambia pengine ni kesho.

Januari, kabla shule hazijafunguliwa, mama alirudi kutoka sokoni na mfuko wa karatasi. Akatoa sweta ya shule, ya kijani, mpya kabisa, bado ina harufu ya duka. Akanivalisha mwenyewe. Ilinifika magotini. Mikono ilining'inia kupita vidole, nikawa sina mikono.

"Ni kubwa," nikasema.

"Nimenunua ya kukulia."

"Ya kukulia nani?"

"Wewe. Kwani kuna nani mwingine hapa?" Alikuwa anavuta mabega yake yakae sawa. "Hii utavaa mpaka darasa la saba. Sitaki kusikia imeraruka."

Nilisimama ndani ya ile sweta. Nilimjua mama yangu. Hakuwa mtu wa kununua kitu kisichofanya kazi. Angemnunulia mtoto anayekufa sweta ya saizi yake, au asingenunua kabisa. Nikalia kwa sauti ambayo sikuwa nimeitoa hata siku za Kawangware, mpaka mama akadhani amenasa nywele zangu kwenye zipu, na sweta yenyewe haikuwa na zipu.

"Ni nini? Inakuwasha?"

"Mimi sikufi?"

Akaacha kuvuta mabega. "Nani alikuambia utakufa?"

Nikamwambia. Yalitoka yamechanganyika, fundi Wambua na kikombe chake, chapati za Jumanne, jiko lililozimwa, daktari aliyesema hakuna dawa, sahani ya bluu ukutani. Mama alisikiliza bila kunikatiza. Uso wake ulikuwa unabadilika polepole, na nilipofika mwisho alikuwa amekaa chini sakafuni bila kujua amekaa.

"Ulikuwa unajua hivyo tangu siku ya kwanza?" akauliza. "Ukifika tu kwa Mumbua?"

"Ndiyo."

"Ukajua ni chapati za kukuaga."

"Ndiyo."

"Na ukazila. Kila siku. Ata ukitapika." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Mbona ulikula, Mwende?"

Nilishangaa kwamba anauliza, kwa sababu ni yeye aliyeniambia.

"Ulisema nisibakishe."

Mama alishika mkono mmoja wa sweta akaanza kuukunja, kunjo juu ya kunjo, huku machozi yakimdondoka kwenye sufu, akahamia mkono wa pili, akakunja, na hakuacha mpaka vidole vyangu vyote vikatokea.